Fungate ya Mistari Miwili

Iwekwe wazi tangu mwanzo, asije mtu akadhani tunasimulia habari za watu wasio na adabu, kwamba Kiranja na Vanila walikuwa mume na mke halali. Walioana mbele ya watu wazima wenye akili timamu. Pete zilivalishwa, keki ilikatwa, mashangazi walilia kwa zamu. Hakikukosekana kitu. Kilichokosekana, na hapa wasomaji wanaombwa wasimame kwa heshima, ni mlango wa kufunga.

Chumba walichopanga kilikuwa bado kinapakwa rangi. Fundi rangi alikuwa mtu wa "kesho asubuhi na mapema", na kesho yake haikuwa na asubuhi. Kwa hiyo maharusi walifikia nyumbani kwa mama yake Kiranja, pamoja na ndugu waliokuja harusini na kuona hakuna haja ya kuharakisha kuondoka. Mama mwenye nyumba akawagawa kama alivyozoea kugawa watu maisha yake yote: wanawake chumba cha ndani, wanaume sebuleni. Bibi harusi akalala ubavuni mwa Shangazi, ambaye alipiga mateke. Bwana harusi akalala miguuni kwa Mjomba, ambaye mkoromo wake ungeweza kusaga nafaka.

Wiki nzima ikapita hivyo. Maharusi walikutana asubuhi kwenye ujia, mmoja ana mswaki, mwingine ana taulo, wakatazamana kwa namna ya kumfanya mtu mzima ageuke akasome kalenda ukutani.

"Umelala salama?"

"Salama. Na wewe?"

"Salama."

Hapo hapo mtu angetokea nyuma yao kuuliza sabuni iko wapi, na mapenzi yangeahirishwa hadi siku nyingine.

Ndiyo maana safari ya mji mkubwa waliyokuwa wameipanga haikuwa safari tu. Ijumaa kwenda, Jumapili kurudi. Fungate fupi, ya watu wawili. Vanila alikuwa mwokaji, na tangu aanze kazi hajawahi kula mkate uliookwa na mtu mwingine akiwa amekaa kitini. Alitaka kukaa. Alitaka kuagiza vitu asivyovijua, aletewe, aulize vimepikwaje, kisha asioshe sahani. Kiranja yeye alikuwa fundi miwani. Alitaka kumpandisha mkewe juu ya jengo refu kuliko yote, amwonyeshe mji wote chini, na asiutazame mji.

Walijuana kwa kazi hiyohiyo. Vanila aliingia dukani kwake na miwani iliyopindishwa na joto la tanuri, nguo zake zikinukia lile jina walilokuja kumwita. Kiranja akamkalisha, akayatazama macho yake kupitia lenzi kwa muda mrefu kuliko utaalamu unavyodai.

"Unaona herufi ya mwisho?"

"Naona pua yako," alijibu Vanila.

Hivyo ndivyo ilivyoanza, na kwa upande wa Kiranja hakukuwa na dawa tena.

Lakini Kiranja alikuwa na mama. Tunalisema hili kwa sauti ya chini. Mama yake alikuwa matroni wa shule ya bweni mpaka alipostaafu, na Kiranja alikulia ndani ya uzio wa shule ile, akiamka kwa kengele, akioga kwa kengele, akiacha kucheka kwa kengele. Kosa lake pekee linalojulikana lilikuwa kuwahi kupita kiasi. Matroni alipostaafu aliiachia shule kila kitu isipokuwa kengele ya mkono, na Jumapili moja alasiri, siku chache kabla ya safari, kengele ililia sebuleni.

Watu wakaja. Hata Mjomba alikuja, akiwa na shavu moja lenye alama ya mto.

"Tumekaa?" aliuliza Matroni.

"Tumekaa," waliitikia wote. Wageni walikuwa wamejifunza haraka.

"Vizuri. Ijumaa tunakwenda mjini."

Vanila, aliyekuwa akipitisha biskuti, alisimama na sahani mkononi. "Tunakwenda akina nani, Mama?"

"Mkono."

Katika sebule ile, anayetaka kusema alinyoosha mkono. Vanila akanyoosha ule usio na sahani.

"Ndiyo, bibi harusi."

"Tunakwenda akina nani?"

"Sote. Ninyi maharusi, mimi, wifi yangu na kaka yangu. Kiranja ameshakubali."

Macho ya Vanila yaliondoka kwa Matroni, yakavuka meza, yakamfikia mumewe. Kiranja alikuwa akiichunguza biskuti yake kana kwamba imeletwa dukani kwa matengenezo.

Matroni akaendelea. Asubuhi, makumbusho. Mchana, daraja. Jengo refu wataliangalia kutoka chini, maana lifti zinakwama na yeye hana muda wa kuokoa watu. Watatembea mistari miwili, wanawake mbele, wanaume nyuma, na kila kona ni kusimama na kuhesabiana.

Mjomba alinyoosha mkono. "Dada, chakula?"

"Tunabeba. Mayai ya kuchemsha, viazi, na mkate. Mkate atatuokea bibi harusi."

"Mjini kuna mikahawa, Mama," alisema Vanila polepole.

"Mjini kuna matumbo pia, mwanangu. Mimi nimeuguza mabweni mazima. Na malazi nimeyapata. Kuna binti niliyemlea, sasa ana nyumba ya wageni safi kabisa. Nimempigia simu, amenipa vyumba viwili." Akatabasamu kwa fahari ya mtu aliyemaliza kazi ngumu. "Kimoja cha wanawake, kimoja cha wanaume."

Mjomba alisahau kutafuna. Shangazi akasema, "Safi sana, mimi na bibi harusi tumeshazoeana," akampiga Vanila kibao cha upendo pajani, mahali palepale alipompiga teke usiku uliotangulia.

Vanila akaweka sahani mezani kwa utaratibu wa kutisha. "Birika linachemka," alisema, akaenda jikoni.

Birika halikuwa hata mekoni.

Kiranja alimkuta akiliwasha jiko. Akafunga mlango wa jikoni kwa mgongo wake. Kwa mara ya kwanza tangu harusi walikuwa wawili ndani ya kuta nne, na wakaitumia nafasi hiyo adimu kugombana.

"Ulikubali," alisema Vanila bila kugeuka.

"Sikukubali. Niliitikia."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Aliniuliza, 'Huko mjini mtakuwa salama?' Nikasema, ndiyo Mama. Akasema, 'Bora nije niwaangalie.' Nikasema, ndiyo Mama. Ulimi ulishaondoka, mimi nikabaki nyuma."

"Na vyumba?"

"Habari za vyumba nimezisikia leo, kama wewe. Naapa."

"Na mkate je? Nipande treni, nivuke nchi nzima, nifike mji wenye waokaji kila mtaa, nikae kwenye benchi nile mkate wangu mwenyewe wa jana?"

"Vanila..."

"Usiniite hivyo kwa sauti hiyo."

"Sauti ipi?"

"Hiyo ya kunifanya nicheke. Leo sicheki." Aligeuka. Mvuke wa birika ulikuwa umeanza kupanda na miwani yake ikaingia ukungu. Kiranja, kama alivyofanya kila mara tangu wajuane, alinyoosha kidole gumba na ncha ya shati amfutie. Vanila akarudi nyuma.

"Usinifute. Niache na ukungu wangu."

Mkono ule ulibaki hewani. Kiranja alijisikia kama mtu aliyekuta duka lake limefungwa kwa kufuli la mtu mwingine.

"Nisikilize vizuri," alisema Vanila, na sasa sauti yake ilikuwa ndogo, jambo lililokuwa baya zaidi. "Mimi sioni tabu kulala na Shangazi. Sioni tabu kengele. Mama yako nampenda, ana roho nzuri na anapenda watu wake kwa kuwapanga. Lakini Ijumaa naondoka. Tukiwa wawili, nitakushika mkono njia nzima mpaka abiria waone hatuna haya. Ukiwa ni msafara wa shule, nitakwenda peke yangu. Nitakula peke yangu, nitapanda lile jengo peke yangu. Na treni ya kurudi itanishusha kwa baba yangu."

"Unaniacha?"

"Sijakuacha. Nataka kujua nimeolewa na nani. Niliolewa na wewe, au na yule mtoto anayesimama kengele ikilia?"

Kiranja alilitazama birika. "Unajua kwamba sijawahi kumwambia hapana."

"Hata mara moja?"

"Mara moja. Nilikuwa mdogo sana. Ilikuwa juu ya uji."

"Akasemaje?"

"Niliunywa."

Vanila aliuma mdomo wake wa chini. Ilikuwa karibu, karibu sana, lakini hakucheka. Akachukua trei, akapanga vikombe, akamimina chai, akasimama mbele yake akisubiri apishwe mlangoni. Walikuwa karibu kiasi kwamba Kiranja aliweza kuona unga mdogo uliosalia kwenye nyusi zake tangu asubuhi.

"Nakupenda," alisema Kiranja.

"Najua. Kawaambie na wao."

Sebuleni mjadala ulikuwa umefika kwenye mayai. Swali lilikuwa nani abebe chombo cha mayai, na Mjomba alikuwa amejitolea kwa moyo ambao Matroni aliutilia shaka.

"Wewe utayabeba tumboni," alisema.

"Dada, unanivunjia heshima mbele ya mkwe."

"Mkwe ana macho."

Kiranja akakaa. Akanyoosha mkono.

"Subiri," alisema Matroni, akamgeukia Shangazi. "Wifi, viatu. Nataka viatu vya kutembea, si vile vya harusi vyenye visigino."

"Vile ndivyo vinavyonipendeza."

"Hatuendi kupendeza."

"Jisemee mwenyewe! Mimi ni mjane, si marehemu."

Kiranja alisubiri, mkono juu. Viatu vikajadiliwa. Vikaja vitambaa vya kichwa, ikaja miavuli. Mkono ukaanza kutetemeka. Akaushikilia kwa ule mwingine, kama wafanyavyo wanafunzi wanaojua jibu darasani na hawaulizwi. Mlangoni, Vanila alisimama na trei ya chai inayofuka mvuke. Alimtazama mumewe kupitia miwani yenye ukungu, na ndani ya ule ukungu Kiranja aliona treni ikiondoka na kiti kimoja kitupu.

Akautazama mkono wake ulioning'inia hewani. Mkono wa mtu mzima, wenye pete.

Akaushusha. Akasimama.

"Mama, hapana."

Vitabu vya historia havitaandika, lakini saa ya ukutani ilisikika. Shangazi alishika kifua chake kwa mikono yote miwili. Mjomba, kwa tahadhari, alisogeza sahani ya biskuti mbali na ukingo wa meza.

"Mkono," alisema Matroni.

"Sinyooshi, Mama. Nimenyoosha vya kutosha. Hatuendi wote. Naenda na mke wangu. Wawili."

"Sababu?"

Hapo Kiranja angeweza kusema mambo ya nafasi, au ya nauli, au ya hali ya hewa. Uso wake uliiva mpaka masikioni. Lakini alishaanza, na mtu akisharuka kutoka kitanda cha juu bwenini hana njia ya kurudi juu kabla hajagusa sakafu.

"Sababu ni kwamba namtaka," alisema. "Nimeoa wiki nzima na nimekaa na Mjomba zaidi kuliko nilivyokaa na mke wangu. Nataka kuamka nimwone yeye kabla ya mtu mwingine yeyote. Nataka kula naye mpaka tushindwe kusimama. Nataka kupotea naye kwenye mitaa, asitokee mtu wa kutuhesabu. Nampenda, Mama, nampenda mpaka naona aibu kusema mbele ya Shangazi, lakini nasema."

"Jamani!" alisema Shangazi, akijipepea na kitambaa. "Jamani, jamani! Hivi marehemu wangu aliwahi kuniambia hata nusu ya hayo?"

"Alikuambia chakula kitamu," alisema Mjomba.

"Nyamaza wewe."

Pale mlangoni Vanila alisogea hatua moja mbele na trei yake. Matroni hakumtazama mwanawe. Alimtazama yeye.

"Na wewe ndivyo unavyotaka?"

"Ndiyo, Mama. Samahani."

"Usiombe samahani kwa kumtaka mumeo." Aliketi. Alipoketi alionekana mdogo, kama ofisi ya shule siku za likizo. Akasema kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia katika nyumba ile. "Mnajua mji ule nimekwenda kila mwaka? Kila mwaka na watoto. Na sijawahi kuuona. Nimeona visogo. Nilisimama darajani nikihesabu visogo. Makumbusho, visogo. Watu wakila vitu vinavyonukia mpaka unapata kizunguzungu, mimi nagawa mayai. Nikasema safari hii, kwa kuwa ni ndugu watupu na watu wazima, huenda nikainua uso."

Lo! Hilo halikutarajiwa na yeyote. Mdomo wa Kiranja ukafunguka, na Vanila akauona wazi ule utii wa zamani ukipanda kifuani mwa mumewe, ukifika shingoni, ukikaribia meno. Kama angesema "ndiyo Mama" sasa, hakuna mtu duniani ambaye angemlaumu, na huo ndio ungekuwa mwisho. Vanila aliweka trei chini. Akafumba macho.

Kiranja alivuka sebule, akachuchumaa mbele ya kiti cha mama yake, akaishika mikono yake yote miwili.

"Utauona, Mama," alisema. "Wote, mpaka juu ya lile jengo. Nitakukatia tiketi mwenyewe. Lakini si kwenye fungate yangu."

Vanila akafumbua macho.

Mama na mwana walitazamana kwa muda. Katika mashindano ya kutazamana, Matroni alikuwa hajawahi kushindwa na mwanafunzi yeyote, wala mwalimu, wala mkaguzi aliyetumwa kutoka juu. Siku ile Matroni ndiye aliyepepesa.

"Umekuwa mkaidi," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Tangu lini?"

"Tangu jikoni."

Matroni akamtengenezea kola ya shati, ingawa haikuwa na kasoro, akainuka na kimo chake chote kikarudi. Akachukua simu, akampigia mwenye nyumba ya wageni. "Binti yangu, vile vyumba viwili, usivifute, visogeze mwezi ujao. Kimoja changu, kimoja cha wifi yangu. La, siwezi kulala naye chumba kimoja, nasikia anapiga mateke." Akaiziba simu kwa kiganja na kumwambia Shangazi, "Njoo na visigino vyako."

"Na mimi?" aliuliza Mjomba.

"Wewe utabaki uwasimamie mafundi rangi."

"Fundi yuko mmoja, Dada."

"Basi msimamie mara mbili." Kisha akapiga makofi. "Haya, wote nje! Uani. Kuna watu wawili hapa wana safari ya kupanga. Kaka, chukua chai yako. Chukua na biskuti, ndiyo, zote, nimeona ulivyozitazama."

Walitoka, Shangazi akiwa wa mwisho. Alimbusu Vanila shavuni, akamnong'oneza kitu kilichomfanya bibi harusi acheke kwa pumzi, na maneno hayo hatutayaandika hapa kwa kuwa kitabu hiki kinasomwa na wazazi. Mlango ukafungwa.

Ukimya wa sebule ile ulikuwa kitu kipya. Kiranja alisimama upande mmoja wa meza, Vanila upande wa pili, wakitazamana kama watu waliotambulishwa muda huohuo.

"Miwani yako ina ukungu," alisema Kiranja.

"Nimeona."

"Naruhusiwa?"

"Unaomba ruhusa ya nani, mume wangu?"

Akazunguka meza. Akaivua miwani ile kwa vidole vya mtu anayejua thamani ya kioo, akaifuta taratibu, kisha hakuirudisha. Aliinama akambusu, na Vanila, bila miwani, aliona vizuri kuliko siku zote. Mikono yake iliyozoea kukanda unga ilimshika Kiranja mgongoni ikambana kwa nguvu zilizomtoa pumzi, naye hakulalamika.

Walipoachana wote wawili walikuwa wakicheka.

"Ulikuwa unatetemeka," alisema Vanila.

"Bado natetemeka. Nishikilie."

"'Namtaka.' Mbele ya Mjomba!"

"Usinikumbushe. Nitamtazamaje usiku?"

"Kaa hapa, tupange. Tumepewa nafasi, tusiichezee."

Wakakaa kiti kimoja ingawa sebule ilikuwa na viti vya kutosha. Kiranja alikuwa na mambo yake: jengo refu kwanza, asubuhi, kabla ya jua kuwa kali, kisha daraja. Vanila alikuwa na yake: mtaa wa waokaji aliokuwa amesimuliwa, kisha supu mahali popote panaponukia vizuri, kisha aiskrimu, kisha samaki.

"Samaki baada ya aiskrimu?"

"Nani atatuzuia?"

Kiranja alifikiri. Kwa kweli hapakuwa na mtu. Wazo hilo lilimpanda kichwani kama kitu cha kulevya. "Basi aiskrimu tena baada ya samaki."

"Umeanza kuelewa. Na hoteli?"

"Nimeshapiga simu tangu mwanzo, kabla sijaitikia vibaya. Iko karibu na stesheni."

"Vyumba?"

"Kimoja."

"Kina mlango?"

"Niliuliza hilo kabla ya kuuliza bei. Unafungwa kwa ndani, na funguo wanatupa sisi."

Vanila akalaza kichwa begani kwake. Nje, uani, Mjomba alisikika akidai kwamba biskuti ya mwisho haina mwenyewe. Vidole vya maharusi vilikuwa vimeshikana, na wote wawili walikuwa wakiufikiria ule mlango.

"Treni inafika saa ngapi Ijumaa?" aliuliza Vanila hatimaye.

"Mchana."

"Na jengo refu?"

"Lipo."

"Daraja?"

"Haliendi mahali."

"Hata mtaa wa waokaji," alisema Vanila kwa uzito wa mtu anayefunga kikao, "nasikia upo siku zote."

Kiranja alimtazama. Macho yale, aliyowahi kuyapima kwa vyombo vyake vyote, hayakuwa na kasoro hata moja.

"Basi mji," alisema, "tutauona Jumamosi."